Uzi Mwekundu, Ukumbi wa Nne

Hapa Łódź, kiwanda kilichokuwa kikifuma pamba
siku hizi kinafuma maneno.
Mimi ni mlinzi wa ukumbi wa nne.
Kazi yangu ni mstari mweusi sakafuni:
huku kwenu, kule kwa sanaa.
"Tafadhali, rudi nyuma kidogo," nasema,
na watu wanarudi nyuma kidogo.

Ukutani pana kitambaa cha kijivu,
mita mbili na robo, cha makoti ya posta,
na mahali usipotarajia
uzi mwekundu umekatiza
kama mkwaruzo shavuni.
Kibandiko kilisema: Mfumaji hajulikani. 1968.

Alhamisi alikuja Daktari Wincenty Pyrek na wanafunzi wake,
koti kalifunga vifungo upande, chaki mfukoni.
Akasema: "Msiitafute sanaa ndani ya kitambaa,
wala kichwani mwa aliyekifuma.
Vichwa havisemezani; semi ndizo zisemezanazo.
Kazi moja hujibu nyingine,
na jibu likishatoka, tayari ni swali.
Kiwanda kina neno lake: kinauzika, hakiuziki.
Mahakama ina lake: halali, haramu.
Sanaa huuliza: hiki hapa kinakaa, au hakikai?
Kila mfumo na sikio lake.
Yaliyo nje ya sikio hilo
ni kelele, mvua juu ya bati."

Msichana mmoja, Jagna, kalamu nyuma ya sikio,
akauliza: "Na huo uzi?"
"Uamuzi," akajibu Daktari.
"Mstari umechorwa, na ulimwengu una pande mbili."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake.

Mama yangu aliitwa Teodozja Grzelak,
mtambo namba mia mbili kumi na mbili.
Usiku wa Februari mtoto ana homa,
ameachwa kwa jirani, kitambaa cha siki kwenye paji.
Saa tisa usiku uzi wa kijivu ukakatika,
mkono ukachukua bobini iliyokuwa karibu.
Hakutazama. Alikuwa akihesabu saa.
Asubuhi msimamizi akaandika KASORO,
akamkata mshahara wa siku mbili,
gombo likasukumwa stoo,
likakaa miaka arobaini likingoja sikio jingine.
Kitambaa ni kile kile.
Hakuna uzi uliosogea.

Mtoto yule ni mimi.

Basi nikauvuka mstari wangu mwenyewe, nikasema.
Chaki ikatulia. Daktari aliandika yote,
hata namba ya mtambo, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Baada ya wiki sita kikaja kibandiko kipya:
Teodozja Grzelak. Kosa lililogeuka ishara:
mwili wa mfanyakazi ukiukataa mtambo.
Maneno mazuri. Yanakaa.
Lakini mama hakuukataa mtambo;
aliomba zamu ya ziada, akanyimwa.
Homa haimo. Siki haimo.
Asiyekuwapo na lake halipo.

Simlaumu Daktari. Nyani haoni kundule,
na mimi nasimulia usiku nisioukumbuka:
nilikuwa na mwaka mmoja na joto la arobaini.
Mama mwenyewe, nilipomuuliza uzeeni,
alisema, "Uzi gani?"
akaendelea kumenya viazi.

Jumanne iliyopita Jagna alirudi peke yake, bila daftari.
Alisimama sana. Hakuuvuka mstari.
Kisha akanigeukia, si kitambaa, mimi:
"Homa ilishuka saa ngapi?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza.
"Alfajiri," nikasema. "Kabla mama hajavua kanga… hapana,
kabla hajavua aproni."
Unaona? Hata ulimi wangu hushika uzi ulio karibu.

Nalo hili sasa nimeliandika,
kwa hiyo nalo litaulizwa: linakaa, au halikai?
Wageni wanaingia, wananuka mvua.
Tafadhali,
rudi nyuma kidogo.